Kondoo wa Dhamana

Kibet mwanangu,

Ukiingiza mguu kwenye kiatu ukakuta karatasi, usiitoe ukaitupa ukidhani ni gazeti la kukausha unyevu. Ni mimi. Keti tena kitandani uisome yote, na usirukie mwisho kama unavyofanya na meseji zangu. Kuna neno nimelipata leo jioni na nitalifikia. Lakini nikikuanzia nalo hutasoma mengine, na mengine ndiyo yatakayokuonyesha la kufanya ukishalijua.

Sitakuandikia habari za sweta wala za kula vizuri. Hayo nimekuimbia tangu ukiwa darasa la kwanza, na mpaka leo unatoka nje na baridi ya Keringet kifua wazi, kwa hiyo nimenyoosha mikono.

Umeniambia unaenda Nakuru kukaa na shangazi yako pale Free Area, ufanye kazi gereji, na kwamba ukiwa huko uko karibu na korti na siku ya kesi hutachelewa. Ulilisema vizuri, huku unaniangalia machoni, nami nikakuitikia. Kumbe nilikuwa nimeshaongea na yule dereva wa lori la viazi. Alisimama hapa langoni jana akitafuta maji ya rejeta, akaniuliza, "Mathe, huyu kijana yako ako na watu Uganda? Ameniuliza kama nafika Malaba." Nikamjibu, "Ndiyo, ako na marafiki huko." Nilidanganya haraka sana, mpaka nikajishangaa. Dereva alipoondoka nilienda nikaangalia zizini. Wale kondoo wako hawapo, hata yule mwenye kilema uliyesema hutamuuza kamwe.

Kwa hiyo najua, Kibet. Unatoroka dhamana. Nimelijua tangu jana na nimekupikia kama kawaida, na wewe umekula kama kawaida, na hakuna kati yetu aliyesema lolote.

Nataka nikukumbushe siku ile ya korti, kwa sababu wewe uliiona kutoka upande wa ndani na mimi niliiona kutoka kwenye benchi. Nilikuwa nimebeba hati ya shamba ndani ya mfuko wa nailoni, nayo nimeifunga kwa leso, nayo nimeibana kwapani. Unajua shamba hili nililipataje. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa na maneno mengi na udongo hana. Nililinunua kwa maziwa, kipande kwanza, halafu kipande kingine, na siku jina langu lilipoandikwa kwenye ile hati nililala nayo chini ya mto mpaka ikajikunja pembe. Sasa nilikuwa naipeleka kwa watu nisiowajua wakaifungie kabatini.

Pale nje ya korti alinijia kijana mmoja wa shati jeupe. "Sasa mathe. Uko na mtu ndani? Usiweke title yako, ni risk. Mimi nitasimama, niko na logbook safi ya gari, unanitoa tu kitu kidogo." Nikamuuliza, "Wewe unamjua mwanangu?" Akacheka. "Si lazima nimjue, mathe. Ni kusimama tu." Nilimfukuza na maneno ambayo siwezi kuyaandika. Nilikasirika kwamba mtu anaweza kukudhamini bila kukujua. Nilijiona mimi ndiye mwenye haki ya kusimama, kwa kuwa mimi nakujua.

Hakimu alikuwa mama wa umri wangu. Aliniangalia juu ya miwani akaniuliza, "Mama, unaelewa kijana asipofika hapa siku ya kesi utafanywa nini?" Nikasema naelewa. Sikuwa nimeelewa. Nilikuwa nimeitikia vile tunavyoitikia kanisani, pasta akisema neno na midomo yetu ikimaliza. Wakili ndiye aliyenieleza baadaye, tukiwa kwenye ngazi: usipofika, naitwa mimi. Nisipoweza kukuleta, shamba linaweza kwenda, na kama halitoshi ninaweza kwenda jela mimi. Nikamwambia, "Wakili, mtoto wangu hawezi." Aliziweka karatasi zake kwenye mkoba akasema tu, "Sawa, mama."

Sasa nifike kwenye kosa langu, na hili sijawahi kulisema kwa mtu.

Ulipotoka seli, kila mtu hapa alisema Kibet ameachiliwa. Kwetu, neno dhamana likisemwa, watu wanasikia "kesi imekwisha". Wewe ulisikia hivyo, majirani walisikia hivyo, na mimi niliyekuwa nimeelezwa pale kwenye ngazi na wakili mwenye digrii nilichagua kusikia hivyo. Nikachinja kondoo. Nilichagua dume yule mnene, nikaita kanisa, nikaita akina mama wa chama, tukapika, pasta akaomba shukrani kwamba Bwana amefungua milango ya gereza. Tuliimba mpaka sauti zikavuka mto.

Ng'ambo ya mto ni kwa kina Wesley.

Babu yako wa Olenguruone alikuwa na neno moja alilolishika kuliko Biblia. Alisema mtu wa boma lako akimwaga damu ya jirani, moto wa nyama hauwashwi kwako mpaka wazee waende kule kwanza, wakae chini, wasikie wanaambiwa nini, hata kama ni matusi. Nililijua hilo neno. Nililisikia nikiwa mdogo, nikalibeba maisha yote, na siku lilipohitajika nililiweka kando kwa sababu ya furaha. Nilijiambia hayo ni mambo ya zamani, sisi ni watu wa kanisa, na tena hukumpiga Wesley kwa kukusudia. Mlikuwa mnagombania gunia, yule mnunuzi amelishonea shingo ya wavu lijae kupita kipimo ili apate viazi vya bure, Wesley ni mpakiaji wake tu, na wewe ukachomoa ule ubao wa lori. Pigo moja, likampata kichwani. Umeniambia ulikuwa unampiga begani. Nimekuamini nusu, Kibet, na ile nusu nyingine nimeiachia Mungu.

Siku ile ya kondoo, Mama Wesley alikuwa amerudi kutoka hospitalini Nakuru kuchukua blanketi. Alisikia nyimbo akadhani kuna msiba kwetu. Alikuja, mwanamke yule, kutupa pole. Alifika kwenye ua akaona sufuria, akaona watoto wanatafuna mifupa, akaona ngozi ya kondoo imetandazwa kwenye waya. Mimi ndiye niliyemwona kwanza. Nilikuwa na sahani mkononi.

Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama Kibet, mnasherehekea nini?"

Unajua nilifanya nini? Nilimnyooshea sahani. Mpaka leo mkono huu unaniaibisha. Aliitazama ile nyama, akageuka, akashuka mtoni na blanketi lake kichwani. Wewe ulikuwa ndani ya nyumba unacheka na wenzako, hukumwona. Wazee walipokwenda kule wiki iliyofuata kuomba tuongee, wale ndugu zake Wesley waliwafungia lango. Mmoja alisema, "Waambieni wamalize kwanza kula." Hilo ndilo jibu ambalo nilikuficha. Nilikuambia wazee hawakuwakuta nyumbani.

Sasa wewe unataka kwenda, na mimi nimeshaona mtu akienda. Hujawahi kusikia mengi juu ya mjomba wako Joel. Tukiulizwa tunasema alienda kutafuta kazi. Ukweli ni kwamba alishtakiwa kwa kuvunja ghala la ushirika, babu yako akamsimamia dhamana, na siku mbili tatu kabla ya kesi Joel akasema anashuka Olenguruone mjini kununua betri za redio. Alikuwa amevaa koti la Jumapili. Mama yangu aliliona lile koti, na hakusema kitu. Wanawake wa ukoo wetu tuna kipaji hicho.

Babu yako aliitwa kortini. Akapewa muda amtafute, akamtafuta, hakumpata. Shamba halikuuzwa, lakini ng'ombe waliuzwa, mmoja mmoja, na kila mmoja alimpeleka sokoni mwenyewe kwa kamba, akitembea mbele bila kuangalia nyuma. Hakumlaani Joel. Ningependa sana angemlaani, nyumba ingepumua. Badala yake, kila gari likisimama barabarani usiku alikuwa anaamka akaketi kitandani akisikiliza.

Mama yangu alipofariki, kwenye mazishi kulikuwa na wanaume wawili waliosimama karibu na ua, wamevaa gambuti mpya kabisa, bila tope. Sisi sote tulijua ni polisi na wanamngoja nani. Joel hakuja. Jioni ile simu ya jirani ililia, wakanipa mimi. Hakujitambulisha. Aliniuliza, "Mmemvalisha nguo gani?" Nikamwambia ile ya samawati. Akasema, "Ile ya kola?" Nikasema ndiyo, ile ya kola. Nikasikia watoto wanacheza mahali alipo, wanaongea lugha nisiyoijua, kisha simu ikakatika. Sijamsikia tena. Sijui kama yuko hai. Sijui kama wale watoto walikuwa wake.

Usidhani nakusimulia haya nikutishe. Joel hakushikwa, ukitaka kujua. Alifaulu. Nimekaa na kufaulu kwake miaka yote hii, na ninakuambia babu yako alikufa akiwa bado anasikiliza magari.

Kuna jambo lingine nililokuficha. Zile siku nilizosema naenda Free Area kumsaidia shangazi yako, sikuwa nafika kwake. Nilikuwa hospitalini kwa Wesley. Siku ya kwanza nilikaa nje kwenye benchi na chupa ya maziwa, Mama Wesley akapita kama vile sipo. Siku ya pili vivyo hivyo, na maziwa nikayarudisha yameganda. Nikarudi tena. Sikuwa naenda kuomba afute kesi, na ningeombaje, nikiwa mimi mwenye sahani? Nilienda kwa sababu nilishindwa kukaa. Mara ya nne au ya tano aliketi kando yangu akasema, "Miguu imevimba." Hakusema ni ya nani. Nikamvua viatu nikamkanda miguu pale koridoni, na manesi wanapita. Tangu siku ile amekuwa akinipokea maziwa. Hajawahi kunisamehe, na sijamwomba. Uchungu wa mwana aujua mzazi, na sisi tulikuwa tumekaa kwenye benchi moja nao, yeye wake na mimi wangu.

Nimemwona Wesley. Alikuwa na tabasamu la kitoto ukimwangalia amelala, na hakuwa na umri mkubwa kukushinda. Kichwa kimefungwa, mashine inampumulia. Nilimwambia jina langu. Nilimwambia mimi ni mama wa nani.

Sasa nifike pale.

Leo jioni, nikikamua, simu ililia. Nilidhani ni mtu wa maziwa. Alikuwa Mama Wesley. Alisema, "Mama Kibet, Wesley ameniacha." Ndoo ya maziwa ikaniponyoka. Kisha akasema, na nimekuandikia kama alivyosema, "Vijana wangu bado hawajui. Nitawaambia kesho kukicha, nikipata nguvu. Nimekuambia wewe kwanza. Sitaki kuzika wawili."

Ndiyo maana ulinikuta nimemwaga maziwa ukanicheka ukasema nimezeeka. Ulichukua kitambaa ukapangusa. Ulikuwa unapiga mluzi.

Wesley amekufa, Kibet.

Najua mkono wako umeshafika kwenye begi. Subiri. Nikuambie mambo yalivyo bila kuyapaka asali. Kesi uliyo nayo imekufa pamoja na Wesley, na kesho inazaliwa nyingine mbaya zaidi, ya mauaji. Dhamana hii haitakulinda. Watakushika, watakuweka ndani, na sina hati nyingine ya kubeba kwapani. Wakili nimempigia. Anasema hata kwa kesi kama hiyo korti inaweza kukupa dhamana, lakini si leo wala kesho, na kwamba mtu aliyejipeleka mwenyewe na mtu aliyetolewa kwenye lori hawaangaliwi kwa jicho moja. Zaidi ya hapo hakuniahidi kitu, na mimi sikuahidi.

Na ukienda? Huenda ukafika. Lori linapita alfajiri, vijana wa ng'ambo watakuwa bado wamelala, na barabara iko wazi mpaka mpakani. Sikuambii haiwezekani. Mama yao amekununulia usiku mmoja, na unaweza kuutumia utakavyo. Ila asubuhi watakuja hapa kulipiza kisasi, na wakikukosa watanikuta mimi na nyumba hii. Nimekaa nikifikiri kama nikuandikie hilo au nisikuandikie, kwa sababu sitaki ubaki kwa ajili ya nyumba ya mabati. Nimeamua kuandika kwa kuwa nimechoka kuwaficha watu mambo kwa nia nzuri. Mficha maradhi, kilio humfichua, na kilio kiko ng'ambo ya mto kinangoja jua.

Mbwa wa kule wamekuwa wakibweka tangu giza liingie. Nimezima taa ya nje. Nilitoka mara moja nikasimama kwenye ua, nikaona kurunzi inatembea upande wao, ikasimama, ikazimika. Huenda ni mtu anaenda choo. Naogopa, mwanangu. Naogopa wao, naogopa polisi, na zaidi naogopa kusikia mlango wako ukifunguka, kwa sababu sijui miguu yako itageukia wapi.

Nimempigia naibu wa chifu. Atakuja kukianza kupambazuka na gari la kukodi, akupeleke kituoni kwa njia ya juu ya msitu, isiyopita mtoni. Sikumwambia habari ya Malaba. Nilimwambia, "Mwanangu amesikia Wesley amefariki na anataka kujipeleka mwenyewe." Akaniambia nimelea mtoto. Huo ni uongo wangu wa pili tangu jana, na wewe peke yako ndiye unayeweza kuugeuza uwe kweli.

Mimi sitakuwa nawe kwenye gari hilo. Nitakuwa nimevuka mto. Nitaenda kwa kina Wesley mikono mitupu, bila maziwa, bila mzee, bila pasta, nikae chini pale langoni mpaka waniambie watakaloniambia. Ndiyo safari niliyopaswa kwenda siku ile niliyonoa kisu. Sijui watanipokeaje. Mama yao hatakuwa amefika bado. Ikiwa umebaki, nitawaambia umejipeleka. Ikiwa umeenda, nitawaambia umeenda, na nitakaa vilevile.

Kama mdhamini wako ningeweza kuwapigia polisi jana jioni ile ile, wakuchukue ukiwa usingizini, na hati yangu ingerudi kabatini kwangu. Wakili aliniambia nina haki hiyo. Nilishika simu nikaiweka chini. Sitaki nikulete kortini kwa kamba, kama babu yako na ng'ombe wake. Nilisimama pale mbele ya hakimu kwa kuwa nakujua, na bado nasema nakujua, ingawa leo nasema kwa sauti ndogo zaidi.

Utajiuliza kwa nini nimekaa jikoni nikiandika na hali chumba chako kiko hatua chache hapo, na kugonga mlango ni rahisi kuliko kalamu. Nimefika mlangoni kwako mara nyingi usiku huu. Nimekusikia unavyokoroma. Nikikuamsha nitakuona uso, Kibet, na nikikuona uso nitakupa kila shilingi iliyo ndani ya nyumba hii na kukumulikia njia mpaka kwenye lori.

Mama yako,
niko jikoni.